Kufufua baiskeli ya mbio ya chuma

Kabla hujatoa hata shilingi, pitisha kidole chini ya mabomba mawili ya fremu, pale yanaposhikana na shingo ya usukani. Ukihisi kinundu, au rangi imepasuka vimistari, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele, achana nayo. Kutu ya juu juu isikutishe. Mimi hutafuta kibandiko cha Reynolds 531, chuma cha Kiingereza kilichotoka mwaka 1935, maana wepesi wake unausikia mguuni.

Bomba la kiti likigoma kutoka kwenye fremu, limiminie mafuta ya kulegeza kutu, uliache hadi kesho. Nyundo weka mbali.

Kisha fungua ekseli ya pedali, ile inayopita chini ya fremu na kubeba mikono ya pedali. Hapa ndipo nyuzi nyingi za skrubu hufa: kwa baiskeli za Uingereza, kikombe cha gololi cha upande wa cheni hufunguka kwa kuzungusha kulia, na pedali ya kushoto vilevile. Gololi ni za robo inchi, aghalabu 11 kila upande. Badilisha zote, zilaze kwenye grisi mpya, kaza kikombe cha kushoto mpaka ekseli izunguke laini bila kucheza.

Tairi za inchi 27 haziingii kwenye ringi za saizi ya 700. Kipenyo kinapishana milimita 8. Na ringi za chuma hazishiki breki zikilowa, kwa hiyo nakusihi utie za alumini.

Barabarani, gia za zamani hazina mlio wa kukujulisha zimeingia. Punguza nguvu mguuni, sogeza kishikio cha gia taratibu mpaka cheni inyamaze. Fanya hivyo kabla kilima hakijaanza.