Shika gamba, ncha juu: konokono gani yuko kwenye maji ya ng'ombe wako?

Wafugaji wa mabondeni wanaijua sauti hii: kisu cha mkaguzi wa nyama kinapita kwenye ini la ng'ombe, kinakwaruza kana kwamba kimekutana na mchanga. Njia za nyongo zimekuwa nene na ngumu kama bomba, na zikiminywa wanatoka minyoo bapa wenye umbo la jani, wengine karibu urefu wa kidole. Ini linatupwa. Mwenye ng'ombe analalamika kwamba alishachoma dawa ya minyoo. Ukimuuliza dawa gani, mara nyingi anataja ivermektini. Hiyo ni dawa nzuri kwa minyoo ya duara na utitiri, ila kwa mnyoo wa ini ni sawa na kumchoma ng'ombe maji.

Nikiitwa kwenye zizi la namna hiyo sianzi na dawa. Naomba kwanza nionyeshwe mahali ng'ombe wanakunywa, maana mnyoo wa ini hamfikii ng'ombe bila kupita kwanza ndani ya konokono wa majini. Navaa buti za mvua na glavu ndefu za mpira, nachukua chujio la chuma la jikoni lililofungwa kwenye mti wa mita moja na nusu, na bakuli jeupe la plastiki. Napitisha chujio chini ya majani ya yungiyungi, kwenye majani ya mgomba yaliyooza, hata chini ya mifuko ya nailoni iliyokwama kwenye nyasi. Ndipo wanapokaa konokono. Ukigeuza jani unaweza kukuta pia mayai yao: utepe mfupi wa ute unaopitisha mwanga, au kibonge bapa cha manjano kilichogandia kama gundi. Nikishapata konokono kumi au ishirini bakulini, mazungumzo yanabadilika, kwa sababu sasa tunajua tunapambana na nani.

Si kila konokono wa majini ni adui. Jambo la kwanza la kutazama ni kifuniko. Mguse kwa kijiti ajifiche: kama mlango unafungwa kwa kigamba kigumu, huyo si wa kundi tunalolitafuta. Konokono wakubwa wa jenasi ya Pila, wale wa majarubani, wana kifuniko. Hao wana matamvua kama ya samaki na pafu pia, ila ni ukoo mwingine kabisa. Tunaowatafuta hawana kifuniko, na wanapumua hewa kama wewe na mimi. Wana mfuko ndani ya gamba unaofanya kazi ya pafu, na utawaona wakipanda juu ya maji, wakifungua kitundu, wakivuta hewa na kurudi chini. Ndiyo maana dimbwi lililooza, ambamo samaki wanakufa kwa kukosa hewa, wao wanaendelea kuishi raha mustarehe.

Vitabu vya zamani viliwaita wote wenye pafu Pulmonata, vikawagawa kwa macho: konokono wa nchi kavu ana macho kwenye ncha za pembe, wa majini anayo kwenye mashina ya pembe. Vipimo vya vinasaba vimeuvuruga mgawanyo huo, na siku hizi wale wa maji baridi wanawekwa kwenye kundi linaloitwa Hygrophila. Kwa mfugaji majina hayo si kitu, ila ajue kwamba vipeperushi vya zamani vinavyosema Lymnaea natalensis vinamzungumzia yule yule anayeitwa sasa Radix natalensis.

Sasa mtihani wenyewe. Shika gamba ncha ikiwa juu, mlango ukikutazama.

Mlango ukiwa upande wa kulia, una mtu wa familia ya Lymnaeidae. Gamba lake ni jembamba, unaweza kulivunja kwa vidole, na mlango ni mkubwa hasa, umechukua sehemu kubwa ya gamba zima. Pembe zake ni bapa, za pembetatu, si nyuzi. Huyu ndiye Radix natalensis, mwenyeji wa mnyoo mkubwa wa ini, Fasciola gigantica, katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Anapenda maji ya kudumu yaliyo safi kiasi, yenye majani: kingo za malambo, mifereji inayokwenda polepole, chemchemi. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama Kitulo huko Tanzania na milima ya kati ya Kenya, kuna nduguye mdogo, Galba truncatula, mfupi wa sentimita moja hivi, anayebeba mnyoo mwingine wa ini, Fasciola hepatica. Yeye utamkosa ukitafuta majini tu. Anaishi kwenye tope, hata kwenye shimo la kwato ya ng'ombe lililojaa maji ya mvua.

Mlango ukiwa kushoto na gamba likiwa na ncha, uwezekano mkubwa ni Bulinus. Hapa kuna mkanganyiko, kwa sababu familia ya Physidae nao ni wa kushoto. Wale wa Physidae ni wembamba, wanang'aa kama wamepakwa mafuta, na kwa magonjwa yetu makubwa hawana neno. Bulinus amefifia zaidi. Aina zake mbalimbali hubeba kichocho cha mkojo cha binadamu, kichocho cha ng'ombe, na minyoo wa tumbo la kwanza la ng'ombe, wale wekundu wanaofanana na punje za komamanga ambao wachinjaji wanawajua.

Gamba likiwa limejiviringa bapa kama kamba iliyokunjwa, bila ncha yoyote, mara nyingi ni Biomphalaria, mbeba kichocho cha tumbo. Kandokando ya Ziwa Victoria na kwenye skimu za mpunga kama Mwea ndiye anayetusumbua. Damu yake na ya Bulinus ni nyekundu, maana ina hemoglobini kama yetu. Radix damu yake haina rangi hiyo.

Kila mnyoo ana konokono wake. Biomphalaria elfu moja kwenye lambo hawatampa ng'ombe wako mnyoo wa ini, ila watoto wanaochunga wako hatarini. Radix wachache kwenye kona moja wanatosha kuliharibu kundi zima. Hili lilithibitishwa zamani: mwanzoni mwa miaka ya 1880 watafiti wawili, Thomas wa Oxford na Leuckart wa Leipzig, kila mtu kivyake, walionyesha kwamba mnyoo wa ini lazima apite ndani ya konokono, na mwaka 1915 mtafiti mwingine, Leiper, akafanya hivyo kwa kichocho huko Misri.

Safari ya mnyoo wa ini iko hivi. Yai linatoka na kinyesi cha ng'ombe. Likifika majini, kwenye joto letu linaanguliwa kwa wiki mbili hivi, na kijidudu kinachotoka kina takriban siku moja tu ya kumpata konokono, la sivyo kinakufa. Kikimpata kinazaliana ndani yake. Kimoja kilichoingia kinaweza kutoa mamia. Baada ya wiki kadhaa minyoo wachanga wanatoka kwa konokono wakiwa na mikia, wanagandia kwenye majani karibu na usawa wa maji, wanajifunga gamba, wanamsubiri mlaji. Ng'ombe akishakula, miezi mitatu hivi baadaye minyoo wamekomaa na wanataga.

Ukiishika hesabu hiyo, dawa inapata mahali pake. Albendazoli kwa kipimo cha mnyoo wa ini inaua waliokomaa tu, na asipewe ng'ombe mwenye mimba changa. Kwa hiyo kuwanywesha siku wanapotoka bondeni ni kutupa hela, maana minyoo wengi bado ni wachanga, wanatoboa ini. Mimi nashauri mara mbili: kabla ya kuwapeleka bondeni kiangazi, ili wasiende kumwaga mayai ya minyoo majini, na miezi mitatu baada ya kuondoka huko. Triklabendazoli inaua hata wachanga, lakini bei yake si ya kuchezea. Dawa yoyote utakayotumia, uliza siku za kutokuuza maziwa na nyama, uzifuate. Ng'ombe anayekonda, utando wa jicho umekuwa mweupe, na ana uvimbe laini chini ya taya, asingoje ratiba.

Kuhusu konokono wenyewe, wengi hukimbilia mrututu, ile chumvi ya shaba. Wanamwaga lamboni, samaki wanaelea, na kondoo wanaokunywa pale wanaumia, kwa sababu kondoo hawavumilii shaba. Kisha mwaka unaofuata konokono wamerudi. Hawa ni huntha, na wengi wao mmoja peke yake anaweza kujipandisha, akataga, na kuanzisha ukoo mpya. Bulinus akiona maji yanakauka hujichimbia kwenye tope akalala kwa miezi. Sumu bila mtaalamu na kibali ni hasara tupu.

Kinachosaidia ni kazi ya mikono. Zungushia lambo uzio wa miiba, vuta maji kwa bomba hadi birika lililo mbali, na uhakikishe birika halivuji. Nimeona birika zuri la saruji lililozungukwa na dimbwi lake lenyewe, limejaa Radix. Fyeka majani mferejini. Tupa kijiti kwenye maji na uhesabu: kikienda mita 3 kwa sekunde 10 au haraka zaidi, konokono watapata taabu kushika hapo. Kama skimu yenu ina zamu za maji, acheni mfereji ukauke kabisa kati ya zamu badala ya kuacha madimbwi. Samadi ivundikwe hadi ipate joto kabla ya kwenda majarubani. Majani ya mpunga ya kulisha ng'ombe yakatwe juu, mbali na usawa wa maji, yaanikwe juani vizuri.

Bata wanakula konokono, ni kweli. Indonesia wamekwenda mbali zaidi: wamejaribu kuchanganya kinyesi cha bata na cha ng'ombe mashambani, na minyoo wa bata wakishaingia ndani ya konokono wanawala wale wa ng'ombe. Huku kwetu bado sijaona mtu akilifanya kwa mpango, lakini bata wachache kwenye banio si vibaya.

Na kama umekuta wa mlango wa kushoto au wale bapa, mweleze pia mtoa huduma ya afya wa kijiji. Wachungaji wapimwe kichocho, wapewe prazikwanteli, wavae buti, na pawe na choo karibu na mashamba.

Ukitaka nikusaidie kuwatambua, usiniletee kwenye chupa ya maji. Wanakufa njiani na kunuka. Wakamate kwa glavu, wafunge kwenye gazeti lililoloweshwa kidogo, uwatie kwenye kopo lenye matundu. Andika kwa penseli jina la lambo, upande gani, na tarehe. Kila mahali na kopo lake.