Vunja ua la mgomba kwa mti wenye panda, usilikate kwa panga

Wenye migomba, hasa ninyi wa Masaka na Mukono, naomba mnisikilize. Mkungu ukishatoa chane ya mwisho, lile ua jekundu linaloning'inia chini halina kazi tena. Liondoe mara moja. Nyuki na wadudu wengine hulifuata, na ndio wanaobeba mnyauko bakteria, ugonjwa ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na kufyeka mashamba mengi ya matoke.

Usilikate kwa panga. Tafuta mti mrefu wenye panda, shika kikonyo cha ua katikati ya panda, zungusha mpaka kivunjike. Mti haugusi utomvu kama panga linavyougusa, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuifanya kazi hii. Kwetu mume wangu hupita mistari ya juu, mimi ya chini, kila Jumamosi asubuhi.

Ukiona ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zina rangi ya kutu, au shina linatoa usaha wa manjano, kata shina hilo peke yake usawa wa ardhi. Kisha choma panga kwenye moto, au lichovye kwenye jiki, kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Na panga la kuazima! Hapo ndipo ugonjwa unapohama kutoka boma hadi boma. Sisi tumewaomba majirani: anayekuja kuazima, apitie jikoni kwanza, moto upo.