Jinsi ya kupima kazi ya EGF na FGF2 kwenye seli tangulizi za neva

Seli tangulizi za neva, yaani seli changa zinazoweza kuwa seli za ubongo, hugawanyika zikipata ishara kutoka kwa vichocheo, yaani protini za ukuaji kama EGF na FGF2. Mwaka 1992, Reynolds na Weiss walionyesha kwamba seli kutoka ubongo wa panya aliyekomaa huongezeka maabarani zikipewa EGF. Hivi ndivyo ninavyolifanya jaribio hili hapa Mombasa, kwa seli za kiinitete cha panya.

Hatua ya 1: Yeyusha kila kichocheo kifike mikrogramu 20 kwa mililita. Tia albumini (protini ya kulinda) 0.1%, maana vichocheo vikiwa vichache namna hii hunata kwenye plastiki vikapotea. Gawa kwenye vichupa vya kutumia mara moja, kisha gandisha. Kilichoyeyuka kisirudi kwenye friza. Wakati wa kaskazi joto ni kali na stima hukatika, kwa hiyo boksi la barafu liwe tayari.

Hatua ya 2: Andaa visima vinne (vishimo vya sahani ya maabara): kisicho na kichocheo, chenye EGF, chenye FGF2, na chenye vyote viwili. Weka seli 50,000 kwa mililita. Mikrolita 1 ya kichocheo kwa kila mililita hukupa nanogramu 20. Tafadhali usikiruke kile kisima cha kwanza ili kuokoa seli. Bila hicho huna cha kulinganisha.

Hatua ya 3: Ongeza vichocheo kila baada ya siku mbili. Hapa ndipo nilipoumia. Nilitia FGF2 mara moja, seli zikadorora, nikazilaumu wiki nzima. Kumbe kwenye nyuzi 37 FGF2 hupoteza nguvu nyingi ndani ya siku moja. Heparini, molekuli ya sukari inayoishikilia FGF2, huisaidia kudumu.

Hatua ya 4: Siku ya saba, usipime kwa ukubwa wa madonge, yaani mafungu ya seli zinazokua zikiwa zimeshikamana. Madonge mawili yakigusana huungana, ukadhani seli zimezaana. Yatawanye, uzihesabu seli zenyewe. Seli za kiinitete kichanga huitikia FGF2 kwanza. Uwezo wa kuitikia EGF huja baadaye, kwa hiyo kisima cha EGF kikiwa na seli chache, angalia umri wa kiinitete.

Hatua ya 5: Hamishia baadhi ya seli kwenye sahani iliyopakwa laminini (protini ya kuzishikiza seli), bila vichocheo. Zitapunguza kugawanyika, zianze kuwa nyuroni (seli za kupeleka ishara) na astrosaiti (seli zinazozisaidia nyuroni). Sahani ya pili itie BMP4, protini nyingine ya ishara: astrosaiti zitazidi. Seramu (majimaji ya damu isiyo na seli) iweke mbali na sahani zote mbili, kwani nayo huzisukuma seli kuwa astrosaiti.