Kuipachika ramani ya jicho la ndege ya Provincetown juu ya ramani ya leo

Wiki iliyopita nilikaa na binti mmoja anayefuatilia historia ya familia za wavuvi wa Provincetown, kwenye ncha ya Cape Cod, Massachusetts. Alikuwa na nakala ya ramani ya jicho la ndege ya mji huo: picha ya karne ya 19 inayouonyesha mji mzima kutoka juu kwa mshazari, nyumba kwa nyumba, gati kwa gati. Ukingo wenye mwaka ulikuwa umekatwa. Alitaka kujua nyumba fulani iliyochorwa pale ilisimama wapi hasa. Naandika tulivyofanya, kwa sababu hatua moja humpotezea mtu siku nzima asipoonywa.

1. Pata faili kubwa

Tafuta kwenye mkusanyo wa Maktaba ya Bunge la Marekani au wa kituo cha ramani cha Leventhal, ndani ya Boston Public Library. Pakua TIFF, yaani faili kubwa ya picha isiyopunguzwa ubora. Usihangaike na picha ndogo: kama huwezi kuhesabu madirisha ya nyumba, haikufai.

2. Kadiria mwaka

Provincetown inajitaja yenyewe. Reli ilifika 1873 na kuendelea hadi kwenye gati, kwa hiyo ukiona treni, ramani yako si ya kabla ya mwaka huo. Ukumbi wa mji ulikuwa juu ya kilima cha High Pole Hill mpaka ulipoungua 1877. Mpya ukajengwa Commercial Street mwaka 1886. Kilima kikiwa kitupu na mtaa ule hauna ukumbi, ramani yako imebanwa kati ya miaka hiyo miwili. Mnara wa Pilgrim Monument, wa mita 77, ulikamilika 1910 kilimani hapohapo. Kuwa mwangalifu na jengo moja lililo peke yake kama ushahidi, maana wachoraji walikuwa wakiingiza hata majengo yaliyokuwa bado kwenye mipango. Tafuta alama mbili au tatu zinazokubaliana.

3. Weka daraja katikati

Usiifunge picha moja kwa moja kwenye ramani ya satelaiti. Ufuo wa leo si ule. Dhoruba ya Novemba 1898 ilivunja magati mengi ya mji huu, na ukianza kuyatafuta kwenye satelaiti utafunga gati la zamani kwenye gati lisilo lake. Tumia karatasi za Sanborn, ramani zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto: inchi moja kwa futi 50, nyumba za mbao zikiwa njano na za matofali zikiwa waridi. Hizo zimepimwa. Zipachike kwanza juu ya ramani ya leo, kisha jicho la ndege lifuate juu yake.

4. Vishikizo

Hapa ndipo penye kazi. Kishikizo ni nukta unayobofya kwenye picha ya zamani, kisha ukabofya mahali palepale kwenye ramani iliyopimwa.

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilibofya ncha za minara ya makanisa, kwa kuwa zinaonekana vizuri kuliko kitu kingine chochote. Usiku kucha mitaa ilikataa kukaa. Kanisa lililo mbele kabisa, karibu na maji, lilikuwa likiangukia mtaa wa nyuma yake. Sababu ni kwamba picha imechorwa kwa mshazari: chochote kirefu hupanda juu ya karatasi, na programu haijui urefu, inajua karatasi tu. Kwake ncha ya mnara ni mahali palipo mbali zaidi na bandari. Bofya kitako cha jengo, pale ukuta unapokutana na ardhi, ikiwezekana kona ya mbele. Kitako kikifichwa na nyumba nyingine, liache jengo hilo.

Bora kuliko majengo ni makutano ya mitaa. Hayana urefu.

Nyumba zenyewe nazo zisikudanganye. Katikati ya karne ya 19 watu wa Long Point, ulimi wa mchanga ulio ng'ambo ya bandari, waliziingiza nyumba zao majini na kuzivusha bandari mpaka mjini, zikielea. Nyumba ya zamani iliyosimama leo si lazima iwe mahali ilipojengwa. Jahazi na skuna zilizotia nanga usizifunge kabisa. Mchoraji aliziweka palipopendeza. Mnara wa taa wa Long Point ni mzuri, ila uliopo sasa ni wa 1875, na wewe bofya kitako chake.

Ongeza vishikizo kwa wingi nyuma ya mji kuliko mbele. Mbele picha ni kubwa na inajipanga yenyewe. Nyuma, kuelekea kwenye vilima vya mchanga, mita mia moja zimebanwa kwenye upana wa kidole. Mimi sianzi kabla ya kufikisha 40. Zungusha vingine ukingoni, kwa kuwa nje ya kishikizo cha mwisho picha hujipinda ovyo.

5. Geuza

Natumia QGIS, programu ya ramani ya bure, na siioni sababu ya kulipia programu nyingine kwa kazi hii. Chagua EPSG:26986, msimbo wa mfumo wa viwianishi wa Massachusetts wenye mita. Njia ya kugeuza iwe Thin Plate Spline, inayopinda kila sehemu ya picha kivyake. Zile za Polynomial huivuta picha yote kwa kanuni moja, na picha hii haina kanuni moja: mchoraji alitembea mtaa kwa mtaa akichora nyumba, kisha akazipanga juu ya mtazamo wa kukisia. Hifadhi faili ya vishikizo kabla ya kubonyeza chochote.

6. Kagua

Makosa ambayo programu inakuonyesha kwenye vishikizo yataonekana sifuri. Si kwamba umefaulu. Njia hii hupita juu ya kila kishikizo kwa lazima. Weka kando makutano matano usiyoyatumia, uyapime. Yule binti alipata mita 9 karibu na bandari na 30 kuelekea vilimani, tukaongeza vishikizo sita upande wa nyuma. Tulipopunguza uzito wa rangi ya tabaka la juu ili la chini lionekane, chanja za kukaushia samaki zilizochorwa nyuma ya nyumba yake zikaangukia uani palepale, kwenye karatasi ya Sanborn.