Kutuliza Mruko wa Nyuma katika Grasshopper na Hornet

Mtu yeyote aliyewahi kuendesha Grasshopper au Hornet, magari mawili ya rimoti ya kipimo cha 1/10 ambayo kampuni ya Tamiya ya Japani iliyatoa mwaka 1984, anaijua tabia yao kwenye changarawe: nyuma hurukaruka kama mbuzi aliyekatikiwa kamba, gurudumu moja likiwa chini na jingine hewani, na gari hupinda lenyewe kila mota inapopewa nguvu. Wengi wanapoliona hilo hukimbilia springi ngumu zaidi, na hapo ndipo wanapozidisha ugonjwa, kwa kuwa kinachokosekana nyuma ya gari hili si ugumu bali ni kitu cha kuimeza nguvu ambayo springi imeihifadhi.

Ili marekebisho yawe na maana, ni lazima kwanza muundo wenyewe ueleweke. Katika magari haya gurudumu la nyuma halina mkono wake linaloutegemea peke yake. Mota, giaboksi na ekseli ni mwili mmoja, ulioungwa na chasisi upande wa mbele, na mwili huo wote hupanda, hushuka na kulala ubavu kidogo kila tairi linapokutana na jiwe. Kwa hiyo uzito wa mota haumo miongoni mwa vitu vinavyobebwa na springi, bali umo pamoja na magurudumu, na kadiri uzito huo unavyokuwa mkubwa ndivyo unavyochukua muda mrefu kutulia baada ya kurushwa. Grasshopper ilitoka kiwandani na mota ya 380 (namba hizi hutaja ukubwa wa mota), yenye uzito wa takribani gramu 70, na springi tupu zisizo na mafuta; Hornet ilipewa mota ya 540, ambayo ni nzito zaidi ya mara mbili, lakini nayo ikapewa nyuma shokapu za mafuta, ambazo ndizo huimeza nguvu ya springi. Anayefunga mota ya 540 katika Grasshopper na kuziacha springi zile zile amechukua shida ya Hornet bila kuchukua dawa yake.

Kabla ya kushika bisibisi, amua gari lako ni la kuhifadhiwa au la kukimbia. Tamiya iliitoa upya Hornet mwaka 2004 na Grasshopper mwaka 2005, hivyo vipuri vya toleo jipya hupatikana, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kutoboa chasisi ya mwaka 1984, ambayo plastiki yake imekwisha kukauka na hupasuka bila taarifa. Vipuri vya asili vioshwe, vitiwe ndani ya mfuko wenye maandishi, viwekwe. Bisibisi nayo ni jambo la kuangaliwa: skrubu za Tamiya zina kichwa cha msalaba cha kiwango cha Kijapani, yaani JIS, na bisibisi ya msalaba ya kawaida huteleza na kukila kichwa hicho. Wakati wa kuirudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka uisikie ikitumbukia katika njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Ukiisukuma tu itachonga njia mpya, na baada ya mara mbili tatu tundu halitashika tena.

Fungua nyuma yote, safisha, kisha rudisha giaboksi bila springi na uitikise kwa mkono. Inatakiwa ipande na kushuka bila kukwama, lakini isicheze kushoto na kulia. Mchezo wa pembeni hutokana na matundu ya maungio yaliyokuwa duara na sasa yamekuwa yai, nao huondolewa kwa washa, yaani pete bapa nyembamba, zenye tundu la milimita 3 na unene wa milimita 0.1 hadi 0.3, zikiongezwa moja moja mpaka mchezo uishe huku giaboksi ikiwa bado inaanguka kwa uzito wake yenyewe. Hatua hii haina mvuto, na wengi huiruka, lakini shokapu nzuri haiwezi kutuliza kitu ambacho hakijashikwa.

Baada ya hapo chukua vipimo, giaboksi ikiwa bado haina springi. Isukume juu mpaka igote, upime umbali kati ya vituo viwili vya kufungia shokapu. Kisha iache ishuke mpaka pale unapotaka mwendo wake uishie, upime tena. Shokapu utakayoinunua iwe na urefu wa kubanwa uliopungua kidogo kipimo cha kwanza, ili pigo zito lisipite ndani ya pistoni na kuvunja kichwa cha plastiki, na urefu wa kunyooka ulio sawa na kipimo cha pili. Kipande kifupi cha mpira wa bomba la mafuta, kikivishwa kwenye fimbo ya shokapu, hulainisha mgoto wa mwisho. Usivutwe na shokapu ndefu kwa sababu ya sura: huinua nyuma, huongeza kuyumba katika kona, na huvuta nyaya za mota, ambazo katika gari hili husafiri pamoja na giaboksi na hukatikia ndani ya ala zake zisipoachiwa ulegevu wa kutosha.

Kujaza mafuta ndiko kunakohitaji subira. Shika shokapu wima, vuta pistoni mpaka chini, jaza mafuta ya silikoni, kisha panda na ushuke na fimbo polepole ili mapovu yatoke, uiache dakika kadhaa na kurudia. Kama ina kiwambo cha mpira, kiweke juu ya mafuta mpaka yamwagike kidogo pembeni. Kama haina kiwambo, acha nafasi ndogo ya hewa, kwa kuwa fimbo inapoingia ndani huhitaji mahali pa kukaa, na shokapu iliyojazwa pomoni hugoma katikati ya safari. Zikiwa tayari zote mbili, zisimamishe sambamba mezani bila springi na uzibonyeze kwa pamoja. Moja ikitangulia, fungua na ujaze upya.

Mimi huanza na mafuta ya Tamiya namba 400, na hupanda au kushuka kwa 100 tu kila mara. Namba hizi zisilinganishwe na za makampuni mengine, ambayo baadhi yao hutumia mizani tofauti kabisa. Springi nayo ianze na ile laini zaidi inayoweza kulibeba gari bila kuliachia tumbo chini. Funga boliti za shokapu kwa nati zenye nailoni, zikiwa zimelegea kiasi cha kuiruhusu shokapu kuzunguka, kwa sababu giaboksi hulala ubavu na shokapu iliyobanwa pande zote huipinga kama nondo ya chuma.

Weka betri ndani, kwa kuwa gari bila betri ni gari jingine, inua nyuma sentimita 10 na uiachie. Ikishuka, ikainuka mara moja kidogo na kutulia, umefika. Ikiinuka mara mbili au tatu, tia mafuta mazito zaidi, yaani ya namba kubwa zaidi. Ikishuka na kubaki chini, mafuta ni mazito mno au springi haina nguvu ya kutosha; ongeza pete moja ya kubana springi kabla ya kubadilisha kitu kingine. Aliyehama kutoka betri ya NiMH kwenda LiPo, ambayo kwa kawaida ni nyepesi zaidi, arudie jaribio hili tangu mwanzo.

Wenye Lunch Box, gari jingine la Tamiya la mwaka 1987, linalotumia giaboksi ya aina hii hii, wengi wao huongeza shokapu ya tano iliyolazwa kati ya giaboksi na chasisi ili kuzuia giaboksi isitikisike mbele na nyuma. Frog, nayo ya Tamiya, ya mwaka 1983, ni habari nyingine: magurudumu yake ya nyuma yana mikono inayojitegemea na fimbo za kuendeshea zenye ncha za pembe sita, na shokapu iliyozidi urefu huziweka fimbo hizo katika pembe kali inayozila ncha. Humo urefu wa shokapu upimwe kwa pembe ya fimbo hizo za kuendeshea, si kwa chasisi.

Jaribio la mwisho lifanyike kwenye ardhi ile ile uliyozoea. Rekodi video ya mwendo wa polepole kwa simu, ukiwa umechutama ubavuni mwa njia, na uyatazame matairi ya nyuma wakati gari linapoondoka. Baada ya kumaliza chaji ya betri mbili, futa shokapu kwa karatasi nyeupe: doa la mafuta kwenye fimbo maana yake oringi, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje, imechoka, na doa likionekana upande mmoja tu, badilisha za pande zote mbili.