Kupika, kutembea na kuuza bila kuona: maelekezo kwa aliyepoteza macho ukubwani

Anza na kopo la chumvi. Kabla ya fimbo nyeupe, kabla ya kutafuta chuo, chagua mahali pamoja jikoni pa kuweka chumvi, na nyumba nzima ijue kwamba anayeichukua anairudisha papo hapo. Kesho fanya hivyo kwa sukari, keshokutwa kwa kiberiti. Mimi nauza maandazi na chai hapa Ngamiani, Tanga. Macho yangu yalichukuliwa na presha ya macho nikiwa mtu mzima, nina watoto. Watu hudhani Mungu akikunyima macho anakupa masikio mapya. Masikio yangu ni yale yale niliyozaliwa nayo. Siku hizi nayatumia zaidi, na kila kitu changu kina mahali pake. Asiyeona anafanya kazi kwa mpango, na mpango huo huvunjwa na mtu mmoja tu aliyesogeza ndoo bila kusema.

Ndiyo maana naanza na wenye nyumba. Mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa, kwa sababu ulioachwa nusu ndio unaopasua paji la uso. Viti virudi chini ya meza. Ukiingia chumbani jitaje, ukitoka aga, asibaki anazungumza peke yake. Mkitembea usimvute mkono wala usimsukume mgongoni: mpe mkono wako akushike juu kidogo ya kiwiko, akufuate nusu hatua nyuma. Ukishuka ngazi, mwili wako utamwambia kabla mguu wake haujafika. Ukimpa kiti, weka kiganja chake kwenye egemeo, atakaa mwenyewe.

Chakula kikiwa mezani mweleze kilipo. Wako wanaofundisha kutumia uso wa saa, kwamba nyama iko saa tatu na mboga saa tisa. Mimi sipendi, maana saa tatu yetu mshale mfupi uko kwenye tisa, na watu wawili mezani wataelewa vitu viwili. Sema wali uko upande wako, samaki kulia, mchicha mbele. Basi.

Na umwachie mwiko. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimekaa na wanawake waliopika harusi za watu mia, wakapoteza macho, na tangu siku hiyo hawakuruhusiwa hata kumenya kitunguu. Wanaletewa sahani, wanaambiwa pumzika mama. Mtu hapumziki miaka ishirini.

Sasa mwenzangu usiyeona, twende jikoni. Jiko la mkaa liweke pembeni, nyuma yake pawe na ukuta, pasipite mtu. Usivae nguo ya mikono mipana, na ncha za khanga zifunge vizuri kiunoni. Vitu vya baridi vikae mkono wako wa kushoto, jiko liwe kulia, au kinyume chake, ila usibadilishe kila siku. Ukitaka kujua moto umekolea, leta mgongo wa mkono kwa juu, mbali, ushuke polepole. Joto litakuambia makaa yamewaka upande gani. Sufuria itafute kwa mwiko kwanza, si kwa kidole. Mafuta ya taa yasikae jikoni kabisa, na yasitiwe kwenye chupa ya aina moja na mafuta ya kupikia hata kama umeiwekea alama. Hapo sikubaliani na mtu yeyote.

Unga pima kwa kikombe kimoja usichokibadilisha, usawazishe juu kwa mgongo wa kisu. Ukande unga mpaka uache kushika vidole. Hapo macho hayakuwa na kazi hata zamani. Ukisukuma, pitisha vidole ukingoni pande zote, pale palipo panene rudi na mpini. Kata kuanzia ukingoni kwako kwenda mbele, vidole vya mkono mwingine vimekunjwa, kisu kikiegemea viungo vyake.

Mafuta ndiyo yanayowatisha wengi, nami nakuambia mafuta yanasema. Dondosha kitonge kidogo cha unga kando ya karai. Kikizama kimya, bado. Kikilia taratibu kisha kikapanda juu, tayari. Kikipiga kelele kali mara moja, punguza makaa. Maandazi yateleze kutoka ukingoni mwa karai, usiyaangushe katikati yakakurushia. Mimi huweka matano kwa mkupuo, ili nikigeuza nijue nimegeuza mangapi. Andazi likiingia linalia kwa nguvu kwa sababu maji yaliyomo kwenye unga yanatoka. Kadiri linavyoiva mlio unafifia. Mlio ukishuka na harufu ya hiliki ikapanda, geuza. Upande wa pili huwa mfupi. Epua kwa kijiko cha matundu, gonga mara mbili kwenye ukingo wa karai, weka kwenye chungio.

Wali ni rahisi zaidi: ncha ya kidole iguse mchele, maji yafike kiungo cha kwanza, kabla hujainjika. Chai ya moto usipime kwa kidole. Mdomo wa birika uguse ukingo wa kikombe, mimina ukisikiliza. Sauti inapanda kadiri kikombe kinavyojaa. Kikombe kikae ndani ya sinia. Maji ya baridi kidole kinatosha.

Makopo yanayofanana yatie alama. Mpira mmoja kwenye chumvi, mipira miwili kwenye magadi. Ukijifunza nukta nundu, maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa kidole, utaandika herufi, na hapa nawaomba waliopoteza macho ukubwani wasiikimbie. Louis Braille alijichoma jicho akiwa na miaka 3 kwa chombo cha kutobolea ngozi, katika karakana ya baba yake huko Ufaransa, na maambukizi yakamaliza macho yote mawili. Alitengeneza maandishi yake akiwa kijana wa miaka 15, akayachapisha 1829. Kila herufi ni nukta katika nafasi 6, safu mbili za tatu tatu: kushoto 1, 2, 3 kutoka juu, kulia 4, 5, 6. A ni nukta ya 1. B ni 1 na 2. C ni 1 na 4. Herufi kumi za kwanza, A mpaka J, hutumia nukta nne za juu tu. Ukizishika hizo, kuanzia K mpaka T ni zile zile kumi kwa mpangilio ule ule, umeongeza nukta ya 3. Kwa hiyo usihofu, unajifunza kumi, nyingine zinakuja zenyewe.

Ukiandika kwa sleti, kibao chenye vijidirisha vya kuongozea nukta, na kalamu yake, unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nundu zinatokea upande wa pili na karatasi itageuzwa. Karatasi ya manila inafaa. Ukisoma, usikandamize, kidole kigandamizacho hakisikii kitu. Mikono yetu sisi wa mkaa na jembe ni migumu, itakuchukua muda mrefu kuliko mtoto wa shule, na pengine hutasoma kitabu kizima. Lakini namba za simu za watu, madeni ya wateja, makopo ya jikoni: hayo utayasoma mwenyewe bila kumwita mtu.

Simu. Ukiwa na ya vitufe, kitufe cha 5 kina alama ndogo. Kidole kikikaa hapo, namba nyingine zote unazijua zilipo. Ya kugusa ikiwa ya Android ina TalkBack, programu inayosoma kilichoko kwenye kioo, na sauti ya Kiswahili ipo. Mtu akuwashie mara ya kwanza kwenye mipangilio. Simu nyingi baada ya hapo unaiwasha na kuizima kwa kubana vitufe viwili vya sauti pamoja kwa sekunde chache. Telezesha kidole kimoja kwenda kulia, inasoma kitu kinachofuata. Kushoto, inarudi nyuma. Umefika unapotaka, gonga mara mbili popote kwenye kioo. Ukurasa mrefu unausogeza kwa vidole viwili. Wengi hukata tamaa hapo kwa sababu wanagonga mara moja, kama zamani, na simu haifunguki. Anza na sauti ya polepole, uiongeze kidogo kidogo.

Kwa pesa za simu, vaa kipaza cha sikio, sikio moja tu, lingine liache lisikie watu. Menyu ya M-Pesa, *150*00#, au *334# kwa jirani zetu wa Kenya, ukichelewa kujibu inakatika, hivyo kariri mpangilio wake kwanza bila kutuma chochote. Namba ya siri usimpe wakala, hata akiwa mtoto wa dada yako. Na usiondoke kibandani kabla hujausikiliza ujumbe wa muamala kwa sikio lako.

Noti zetu za Tanzania zinaongezeka ukubwa kadiri thamani inavyopanda, ila tofauti ni ndogo na noti iliyochakaa inadanganya. Mimi hukunja: elfu moja haikunjwi, elfu mbili inakunjwa mara moja, elfu tano mara mbili, elfu kumi inakunjwa kwa urefu. Unakunja palepale unapoipokea, ukiwa umemuuliza mteja ni noti gani na kuilinganisha na kipande cha kadi ulichokikata kwa vipimo. Mteja mwaminifu hachukizwi na hilo.

Fimbo nyeupe ikisimamishwa ifike kwenye kidari chako. Ishike mkono ukiwa katikati ya mwili, mbele ya kitovu, ncha iende kulia na kushoto, ipite mabega kidogo tu. Mguu wa kushoto ukitangulia, ncha igonge kulia. Wa kulia ukitangulia, igonge kushoto. Hivyo fimbo inakagua mahali mguu wako utakapokanyaga hatua inayofuata. Namna hii ilipangwa na Richard Hoover nchini Marekani kwenye miaka ya 1940, kwa askari waliorudi vipofu kutoka Vita vya Pili. Fimbo haikulindi kichwa: tawi la mwembe, bati la kibanda, nyuma ya lori. Hapo inua mkono mbele ya uso. Mitaro yetu mingi iko wazi, basi usikimbilie njia mpya bila mtu siku ya kwanza. Ngamiani tuna bahati, barabara zimenyooka na zina namba, nahesabu ninazovuka. Mashine ya kusaga, msikiti, upepo kutoka baharini, jua likikuacha ghafla kwenye kivuli cha ukuta, zote hizo ni alama. Mvua kubwa ikipiga mabati, subiri. Inafuta kila sauti unayoitegemea.

Kazi zipo zaidi ya maandazi. Mkenya Henry Wanyoike alipoteza macho kwa kiharusi mwaka 1995, akajifunza kufuma huko Machakos, akarudi pia kwenye mbio. Mwaka 2000, kwenye Paralimpiki pale Sydney, alishinda mita 5000 huku akimvuta kiongozi wake aliyekuwa ameishiwa nguvu. Mwenye elimu ya ofisi atumie kompyuta kwa NVDA, programu ya bure inayosoma kioo kwa sauti, iliyoanzishwa 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, kisha akaungana na mwenzake asiyeona, James Teh. Mwenye biashara amwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu.

Siku ya kwanza ya kuuza, hesabu maandazi kabla ya kutoka nyumbani na ukariri idadi. Weka makopo mawili, moja la noti, moja la sarafu, yote mapajani. Mwombe jirani wa kibanda akae karibu, asiguse pesa. Jioni hesabu yaliyobaki, toa kwenye idadi ya asubuhi, zidisha kwa bei, kisha fungua makopo. Yakilingana, kesho jirani abaki kwake.