Gesi Ikivuja Changamwe: Namna ya Kuutahadharisha Mtaa

Wakazi wa Changamwe, Shimanzi na Miritini, Mombasa, wanaishi ubavuni mwa matangi ya mafuta, bohari na malori yanayobeba shehena za kemikali kutoka bandarini, na kwa sababu hiyo kila mtaa unapaswa kukubaliana mapema, siku ikiwa shwari, ni nani atakayetangaza hatari na atasema maneno gani.

Jambo la kwanza ni upepo. Kusi na kaskazi zina misimu yake, lakini msimu pekee hautoshi, kwa kuwa upepo wa baharini hugeuka kati ya mchana na usiku. Tazama moshi wa jiko au kanga zilizoanikwa kambani ujue hewa inaelekea wapi saa hiyo. Ukilazimika kuondoka, usiifuate njia ya gesi. Tembea upepo ukikupiga shavuni, si usoni wala mgongoni, mpaka utoke kwenye mkondo wake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, takriban tani 40 za gesi ya sumu zilivuja kiwandani Bhopal, India, na maelfu wakafa. Wengi walikurupuka usingizini wakatoka mbio bila mtu wa kuwaambia waelekee upande gani.

Mara nyingi kubaki ndani ni salama zaidi kuliko kukimbia, endapo nyumba inafungika. Funga milango na madirisha, zima feni na kiyoyozi, kisha ziba nyufa kwa taulo zilizoloweshwa. Hapa ndipo maelekezo mengi ya vitabuni yanapotuacha, maana nyumba zetu nyingi za mabati zina uwazi kati ya ukuta na paa, na uwazi huo hauzibiki kwa taulo. Mwenye nyumba ya namna hiyo apatane mapema na jirani mwenye jengo la mawe. Klorini, yenye harufu kama ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini, kwa hiyo pandeni ghorofa ya juu.

Gesi ya kupikia nayo hutambaa mitaroni, ila hatari yake kubwa ni moto: usiguse swichi, usiwashe pikipiki, na ondoka mahali hapo. Lori la mafuta likipinduka, msilisogelee na madebe. Mukuru Sinai, Nairobi, Septemba 2011, takriban watu 100 waliteketea mafuta yaliyovuja, safari hiyo kutoka kwenye bomba, yaliposhika moto. Ukiweza kuliona bamba la rangi ya chungwa la lori ukiwa mbali, soma tarakimu nne za chini na uwatajie zimamoto unapopiga 999 au 112: 1203 ni petroli, 1075 ni gesi ya kupikia, 1017 ni klorini.

Tangazo lenyewe, liwe la mzee wa mtaa au la kipaza sauti cha msikiti, lisiishie kusema kuna hatari, kwa sababu aliyeogopeshwa bila kuelekezwa hufungua mlango atoke kutazama. Mfano mzuri ni huu: "Ndugu wakazi, klorini imevuja upande wa barabara kuu. Upepo unaelekea Magongo. Walioko Magongo waingie ndani, wafunge madirisha, wazime feni. Tutatangaza tena baada ya dakika 15." Lirudiwe mara tatu, taratibu, na ahadi ya dakika 15 itimizwe hata kama hakuna jipya. Kiziwi na mgonjwa wa kitandani hawatafikiwa na kipaza sauti, kwa hiyo kila mmoja wao awe na jirani aliyeteuliwa kwa jina kumwendea.

Aliyemwagikiwa kemikali avuliwe nguo, zikatwe kwa mkasi badala ya kupitishwa usoni, kisha aoshwe kwa maji mengi. Macho yasafishwe kwa dakika 15 au zaidi.

Zimamoto wakithibitisha kuwa hewa ni salama, sauti ileile iliyotoa tahadhari ndiyo itangaze mwisho wake. Hapo fungueni milango na madirisha yote, mkae nje mpaka hewa ya ndani ibadilike.